Mzunguko wa Pili

Pale hospitalini walimwita Dada Mawimbi, na jina lilimkaa hata wagonjwa wapya wakawa wanauliza mlangoni, "Dada Mawimbi yupo?" kana kwamba ndilo alilopewa siku aliyozaliwa. Kazi yake ilikuwa kupima umeme wa ubongo. Alikuwa na chumba chembamba mwisho wa korido, kitanda kimoja, kompyuta moja, na shada la nyaya za rangi mbalimbali. Kila waya ulikuwa na kidude cha chuma nchani, kidogo kama kifungo cha shati. Alivibandika vidude hivyo kichwani mwa mgonjwa kimoja kimoja kwa gundi nzito, akipima kwa utepe, bila haraka, kisha akakaa mbele ya skrini kutazama mistari ikipanda na kushuka.

Kusoma mistari na kutaja ugonjwa ilikuwa kazi ya daktari. Yake ilikuwa kuhakikisha mistari ni safi, na kuandika pembeni kila anachofanya mgonjwa: amefumba macho, amemeza mate, amekohoa. Maana ubongo unachora na koo nalo linachora, na asiyeandika anaweza kukichukua kikohozi akakiita kifafa.

Asubuhi hiyo, kabla hajafungua mlango, alimkuta mtu kwenye benchi la nje. Alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, na mtoto amemlalia begani.

"Wifi, mbona mapema hivi? Mmeamkaje?"

"Tumeamka." Hakusema salama. "Nimesikia unampima mume wangu kesho."

"Daktari kaagiza."

"Sawa. Mimi maneno ya kidaktari siyataki, wifi. Nataka neno moja tu. Ni yeye au si yeye?"

Dada Mawimbi aliutafuta ufunguo kwenye mkoba ingawa alikuwa ameushika mkononi.

"Ukiniambia si yeye," wifi akaendelea, "nafunga mizigo siku hiyohiyo narudi kwangu. Ugonjwa tutauguza. Ukiniambia ni yeye..." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Yule aliyelala kule nyumbani na mguu juu ya mito ni kaka yangu, tumbo moja. Siwezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyemwangushia kaka yangu tangi."

"Kipimo hakisemi mambo ya namna hiyo."

"Sasa miaka yote hiyo mnawabandika watu gundi kichwani kinasema nini?"

Wifi hakungoja jibu. Aliinuka, akamfunika mtoto, akaondoka bila kugeuka. Dada Mawimbi alibaki na ufunguo wake mkononi.

Mdogo wake alikuwa fundi wa matangi ya maji, na watu walimwita Fundi tu. Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa wifi, ambaye kila mtu alimwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi. Walipandisha matangi juu ya mapaa na kuyashusha yakichoka. Walikuwa na namna yao ya kushusha: kamba ikishafungwa kwenye tangi, waliizungusha mara mbili kwenye nguzo ya zege pale juu, kisha aliyebaki juu akaiachia kidogo kidogo. Mizunguko ile miwili ndiyo iliyobeba uzito, mkono ukaongoza tu. "Hata mtoto wa chekechea anashusha," Mrefu alipenda kusema, "mradi asiguse mizunguko."

Siku ile walikuwa wanashusha tangi kuukuu la chuma. Fundi alikuwa juu, Mrefu chini, mwenye nyumba kivulini akitazama. Tangi lilifika katikati ya ukuta, likasita, kisha likaja lote kwa mpigo. Mrefu aliruka, ila mguu mmoja haukuwahi. Paja likavunjika.

Waliokimbilia juu walimkuta Fundi amesimama kando ya nguzo, mikono mitupu, anaitazama mikono hiyo kama ya mtu mwingine. Walimuuliza imekuwaje. Akajibu kwa neno moja: "Nilipitiwa."

Neno hilo kila mtu analo. Aliyeunguza mboga kapitiwa. Aliyelala kwenye kiti kapitiwa. Hata aliyemtukana mkwewe, akishapoa, husema ibilisi alimpitia. Ni neno lenye mlango wa nyuma: jambo limetendeka, na aliyelitenda alikuwa mpita njia, ameshaondoka. Lakini Fundi alikuwa akipitiwa kwa namna nyingine pia. Kwa muda sasa kijiko kilikuwa kinasimama njiani kabla hakijafika kinywani, macho yanakuwa kama madirisha ya nyumba iliyohamwa, kisha anarudi na kuuliza, "Mlikuwa mnasema nini?" Mrefu alimpachika jina, Bwana Kupitiwa. Na asubuhi ya tangi waligombana, jina hilo likatajwa mbele ya mwenye nyumba, mwenye nyumba akacheka. Mtaa mzima ulijua hilo. Basi watu wakagawanyika: wengine wakasema mgonjwa yule jamani, wengine wakasema mgonjwa wapi, kaachia.

Dada Mawimbi hakuwa upande wowote, na hapo ndipo usingizi ulipompotelea. Kulikuwa na sababu.

Zamani kidogo alikuja mwanafunzi wa udaktari kufanya jaribio chumbani mwake, akamwomba yeye mwenyewe awe mpimwaji. Alimbandika vidude, akampa kitufe. "Bonyeza ukijisikia, dada, usingoje kuambiwa. Ila utazame saa, uniambie hamu ya kubonyeza ilikujia lini." Akabonyeza asubuhi nzima, alipotaka na jinsi alivyotaka. Mwishoni mwanafunzi alizijumlisha rekodi zote, akamwonyesha kimteremko kidogo kwenye mstari kilichoanza kabla ya ile nukta aliyosema ndipo alipotaka. "Unaona? Ubongo ulishaamua. Wewe uliletewa taarifa tu." Alikuwa kijana wa utani, akacheka. Yeye naye alicheka. Jioni, pembeni mwa barabara, alijikuta hajui ni nani hasa anayengoja magari yapite.

Daktari alimtuliza baadaye. Alimwambia wapo wanaosema kile kimteremko si uamuzi, ni makelele ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka, na mtu hubonyeza yanapokuwa juu. Kwamba wenye elimu yao bado wanabishana. Kwamba kubonyeza kitufe bila sababu si sawa na kuoa au kusamehe. Maneno yalikuwa mazuri, akayapokea. Lakini tangu siku ya tangi kile kimteremko kilirudi. Alisimama jikoni ameshika kikombe, akautazama mkono wake, akingoja kuona ni lini ataamua kukiinua. Chai ilipoa. Kisha akakuta ameshakunywa, na ile lini imempita.

Kulikuwa na mfano aliozoea kuwapa wagonjwa waoga. "Humo ndani," aliwaambia akipaka gundi, "kuna vijichembe visivyo na idadi, na kila kimoja kinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Hakuna hata kimoja kinachokujua wewe. Ni kama ukumbi wa watu wanaopiga makofi. Mwanzo kila mtu na lake, vurugu tupu. Halafu unasikia yote yamekuwa pamoja, pa, pa, pa, na hakuna aliyetoa amri. Wewe ndiye hayo makofi." Wagonjwa walipenda mfano huo, wakatulia. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuufuata hadi mwisho. Kama hakuna aliyetoa amri, makofi yakivunja kitu, unamwuliza nani?

Siku ya pili Fundi alifika macho mekundu. Alikuwa ameagizwa akeshe ili kipimo kimkute na usingizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekesha kweli, au ulilala ukaota umekesha?"

"Nimekesha. Nimehesabu mbao za dari mpaka zikaanza kunihesabu mimi."

"Nywele?"

"Nimeosha, bila mafuta, kama ulivyosema. Najiona kama kuku aliyenyonyolewa."

Alimlaza, akapitisha utepe kutoka sikio hadi sikio. Kichwa hiki alikuwa amekiogesha, amekinyoa, amekipiga konzi kilipoangusha sukari. Sasa alikiwekea alama kwa kalamu ya mafuta. Alipomaliza kubandika, alilichukua shada la nyaya akalizungusha mara moja kwenye nguzo ya kitanda, kama alivyozoea, ili lisimvute mgonjwa akigeuka.

"Dada, mtu akiwaza jambo, mashine inaliona?"

"Inaona umeme. Jambo lenyewe haioni."

"Hata kama ni jambo ambalo... ni kubwa?"

"Hata likiwa kubwa kama nyumba."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Dada yake aliisikia pumzi ile na hakuipenda. Aliandika pembeni: ameshusha pumzi.

"Fumba macho." Alifumba, na kisogoni mistari ikajipanga mara moja, mizuri, sawasawa, makofi ya pamoja. "Fumbua." Ikatawanyika. Alimwambia apumue kwa nguvu, akammulikia taa ya kumetameta, na hakuna kilichotokea. Kisha alipunguza mwanga, akamwacha alale. Alijikuta anaomba, bila kujua anaomba nini. Mistari ikiwa safi, mdogo wake ni mzima na ni mkosaji. Mistari ikichafuka, ni mgonjwa na hana kosa. Dada gani anakaa mbele ya skrini anamwombea mdogo wake ugonjwa?

Fundi alikuwa amesinzia mistari ilipoanza. Ilianza upande mmoja, juu ya sikio, kama mtu anayegonga kidirisha kwa ukucha. Ikawa mikali, ikakusanyika, ikasambaa kwa majirani zake. Dada Mawimbi aligeuka. Macho ya Fundi yalikuwa wazi. Midomo ilitafuna, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu.

"Unanisikia?" aliuliza, kama anavyowauliza wote. "Nitajie jina la mama."

Hakujibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeondoka kwenye shuka. Ulipapasa hewani, ukafika kwenye nguzo ya kitanda, ukalikuta shada la nyaya. Vidole vikaliinua, taratibu, kwa adabu, kama vya mtu anayejua kazi yake, vikalizungusha kinyume mpaka likafunguka. Nyaya zikaanguka kandoni mwa kitanda. Mkono ukarudi kwenye shuka, ukalala.

Baada ya kitambo Fundi alipepesa macho. "Umesema?"

"Hapana. Lala."

Alikuwa na jambo la kuandika pembeni. Aliandika: anafungua nyaya. Akaifuta ile "ana". Akaandika: mkono unafungua nyaya. Alilitazama neno hilo jembamba lililobadilika, akahisi kitu kifuani mwake kinalegea kwa mara ya kwanza tangu siku ya tangi. Si yeye. Hakuna binadamu anayeweza kuigiza mistari kama ile. Si yeye.

Daktari aliisoma rekodi mchana, akairudia mara kadhaa.

"Ni kifafa," alisema mwishowe. "Cha aina ile isiyomwangusha mtu. Kinampitia akiwa amesimama, mikono ikiendelea kushikashika vitu. Dawa ipo. Ila mwambie mapema, mapaa basi. Na asiendeshe gari kwa sasa."

"Na siku ya tangi?"

"Dada Mawimbi, jibu unalo. Hiki ni kipimo cha leo asubuhi."

"Lakini mkono ulifungua nyaya, daktari."

"Ulifungua, na nitaandika hivyo. Nitaandika pia kwamba inawezekana siku ile ilikuwa vilevile. Inawezekana." Alivua miwani. "Neno hilo ukimpelekea wifi yako, lisipungue njiani. Wala lisinenepe."

Alirudi chumbani kwake karibu akikimbia. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti, gundi imemkaukia kichwani kama chokaa. Alimwinamisha juu ya sinki, akafungua maji ya uvuguvugu, akaanza kumwosha huku akimweleza yote, mistari, macho, mkono, nyaya. Maneno yalimtoka kwa wingi. Fundi hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo si mimi," sauti yake ilisema kutoka kwenye sinki.

"Si wewe."

"Zima bomba, dada."

Alizima. Fundi alijiinua, maji yakamtiririka shingoni, hakuyajali.

"Zile nyaya ulizungusha mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani vipi?"

"Kamba tulizungusha mara mbili." Aliitazama nguzo ya kitanda. "Wa kwanza niliutoa mimi. Nikisema mimi, namaanisha mimi huyu, na akili zangu zote. Mrefu alikuwa amenifanya kichekesho mbele ya watu. Nikasema ngoja. Nikitoa mzunguko mmoja tangi litashtuka kidogo, ataruka, na yule mwenye nyumba atamcheka yeye. Ule uliobaki unatosha mtu akikaza mkono. Nilishawahi."

"Halafu?"

"Halafu nimesimama na kamba haipo."

Nje kitanda cha magurudumu kilipita kikilia gurudumu moja. Walingoja kipite.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi usim..." Alinyamaza. Sentensi ilikuwa imekuja nzima, usimwambie mtu, imepangwa, imevaa, iko mlangoni, na yeye hakuwa ameiita. Aliidaka kwa mkia. Na alipoidaka alijiuliza huyo aliyeidaka naye ametumwa na nani.

"Unalijua boya la ndani ya tangi?" Fundi aliuliza, taratibu, kana kwamba wako nyumbani. "Maji yanaingia, boya linapanda, linapanda, halafu linafunga. Sasa tone lipi lililofunga? Nimekesha na hilo. Matusi yake ni tone. Jua lile ni tone. Ugonjwa, ndiyo, nao ni tone, tena kubwa. Kila nikilitafuta langu silioni, yote naona yameingia yenyewe. Halafu nakumbuka kidole hiki kikiuinua ule mzunguko. Dada, kilikuwa kinanisikia."

"Ukisema, mkeo harudi."

"Najua."

"Ukinyamaza, anarudi. Leo hii. Alishaniambia."

"Anarudi kwa nani? Kwangu, au kwa huyo aliyepitiwa?"

Alitaka kumwambia sema. Alitaka kumwambia nyamaza. Yote mawili yalimjia kwa nguvu moja, na hakuliamini hata moja. "Sijui," alisema. "Kweli sijui, mdogo wangu." Akafungua bomba tena, kwa kuwa gundi ilikuwa bado.

Jioni hiyo walikwenda kwa kina wifi. Mrefu alikuwa amelala sebuleni kwenye godoro, mguu mweupe wa plasta umeinuliwa juu ya mito, redio ndogo kifuani.

"Karibuni," alisema. "Mtanisamehe sisimami, nimeambiwa nisijionyeshe." Alimwitikia Fundi salamu, ila hakumwangalia usoni. "Dada, hujambo? Umekonda."

"Sijambo, kaka. Wewe?"

"Mimi nanenepa. Kazi yangu sasa ni kula na kukunja uso."

Wifi hakukaa. Alisimama karibu na mlango wa chumbani, mtoto kiunoni, na nyuma yake Dada Mawimbi aliliona begi, tayari limefungwa zipu. "Nipe neno langu, wifi."

Akampa. Alilitoa kama alivyopewa: ni kifafa, kimeonekana kwa macho, mkono ulifungua nyaya bila mwenyewe kujua, na daktari anasema inawezekana siku ile ilikuwa vilevile. Inawezekana, alirudia, kama aliyeahidi.

Wifi alifunga macho. Bega moja likashuka, kisha la pili. "Nilijua," alisema polepole. "Moyo wangu ulikuwa unaniambia." Akainama kulichukua begi.

Mrefu alinyoosha mkono kifuani. Alizima redio.

Dada Mawimbi alimgeukia mdogo wake. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, macho yametulia ukutani, midomo imeachana kidogo. Hakupepesa. Dada yake alijiuliza. Amepitiwa, au anafikiri? Kwa nje hakuna tofauti. Miaka yote ya mistari, na bila nyaya hakuweza kumjua mdogo aliyemlea mwenyewe kama yuko ndani au ametoka. Aliitazama mikono: ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Aliitazama midomo, akiogopa itafune. Wifi alikuwa ameshalitundika begi begani. Alitaka kumwita mdogo wake, na aliogopa kuwa akimwita atakuwa amemsukuma.

"Shemeji," Fundi alisema. "Mizunguko ilikuwa miwili."

"Najua," Mrefu akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa amekaa juu ya jibu. "Niliizungusha mimi kabla sijashuka."

"Wa kwanza niliutoa. Kwa makusudi."

Begi lilishuka kutoka begani mwa wifi hadi kwenye kiwiko.

"Ili iwe nini?" Mrefu aliuliza.

"Uruke. Wakucheke."

"Na wa pili?"

"Wa pili sijui."

"Hujui, au hutaki kujua?"

"Nimeutafuta, shemeji. Kila nikifika hapo nakuta kamba haipo. Huenda ni ugonjwa, kama dada alivyosema. Lakini kama nisingetoa ule wa kwanza, huo ugonjwa ungekuta kazi ya kufanya, ungechelewa, ungesikia mimi nipo chini nikapiga kelele..." Alijichanganya. "Ningekusikia wewe ukipiga kelele kule chini. Ningerudi kabla haujamaliza. Hicho ndicho ninachokijua. Wa kwanza ni wangu."

Mrefu aliitazama dari. Kila mmoja alimtazama yeye, na alijua.

"Nimelala hapa siku zote hizi," alisema, "nikiizungusha ile kamba kichwani. Kila anayekuja ananiambia bahati mbaya. Bahati mbaya haitoi mizunguko miwili kwa pumzi moja. Mmoja, sawa. Nilikuwa najua kuna mmoja una mwenyewe. Nikawa nangoja. Nilisema akija na karatasi ya hospitali tu, akanyamaza, basi huyo simtaki hata kwenye mazishi yangu." Alijaribu kujigeuza, maumivu yakamrudisha. "Niliruka, mshenzi wewe. Kama ulitaka niruke, niliruka."

Hakuna aliyecheka, ingawa Mrefu alionekana kungoja mtu acheke.

"Bado nina hasira," aliongeza.

"Kuwa nayo," Fundi akasema.

"Siombi ruhusa."

Wifi alikuwa hajasogea. "Mimi niliuliza neno moja," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Moja tu. Mmeniletea mawili."

"Ndiyo," alisema Fundi.

"Ningekuwa nimeshafika njiani sasa hivi. Ungenyamaza tu."

"Ndiyo."

Aliliweka begi chini, ukutani, lakini hakulifungua. "Leo sirudi."

"Sawa."

"Na sikusema kesho."

"Sawa, mama."

Mtoto, aliyekuwa amechoshwa na watu wazima, alimwona baba yake na kumnyooshea mikono yote miwili, akijitupa mbele kutoka kiunoni mwa mama, kama wanavyofanya wasiojua kuwa mtu anaweza kuanguka. Fundi aliinuka nusu, kisha akabaki hivyo, nusu, akimtazama mkewe.

Wifi aliwaza. Waliona akiwaza, hakuna mashine iliyohitajika.

"Kaa chini kwanza," alisema. "Si kwenye kiti. Chini kabisa."

Fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Wifi alipiga magoti, akamshusha mtoto mapajani mwa baba yake, na mikono ya Fundi ikaja, mmoja mgongoni, mmoja tumboni.

Dada Mawimbi alivitazama vidole vile mpaka macho yakamuuma. Kwa mazoea tu lilimjia neno la kuandika pembeni, akalichagua: ameshika, wala si mkono umeshika. Hakuwa na hakika nalo, lakini hakulifuta. Mtoto alilivuta sikio la baba yake. Wifi hakuinuka. Mkono wake ulikuwa bado chini ya mtoto, kiganja juu, na haukutoka.